Kupika Wali kwa Sufuria ya Umeme katika Miinuko ya Kericho na Bomet

Sufuria ya umeme ya kupikia wali haijui kama punje zimeiva; inachotambua ni kwamba maji yamekwisha. Huko Mombasa au Lamu, ambako maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi, mambo hayo mawili hutokea karibu wakati mmoja. Katika kaunti za Kericho na Bomet, ambako sehemu kubwa ya mashamba ya chai iko kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mambo hayo huachana, na mpishi aliyefuata kijitabu cha maelekezo neno kwa neno hupakua wali wenye kiini kigumu juu na ukoko mnene chini.

Chanzo ni kanieneo ya hewa, yaani nguvu ambayo hewa hukandamizia uso wa maji. Kadiri ardhi inavyoinuka ndivyo nguvu hiyo inavyopungua, na kiwango cha kuchemka hushuka kwa takriban nyuzi moja kila mita 300, hivi kwamba mjini Kericho maji huchemka kwa nyuzi 93 hivi. Kuchochea moto hakusaidii, kwa kuwa maji yanayochemka hayazidi kupata joto bali hukauka upesi. Wanga wa mchele, ambao ndio sehemu kubwa ya punje, huvimba na kulainika hata kabla ya nyuzi 80, kwa hiyo wali wa Kericho huiva kikamilifu, ila maji huchelewa kupenya hadi kiini.

Kuchelewa huko ndiko sufuria isikokutambua. Katikati ya bamba lake la moto pana kitufe cha duara kinachosukumwa juu na springi ili kiguse kitako cha sufuria ya ndani, na ndani ya kitufe hicho mna sumaku iliyoundwa ipoteze nguvu ikifikia nyuzi 103 hivi. Maji yakiwamo, kitako hakiwezi kupata joto kupita sana kiwango cha kuchemka. Yakikauka, joto hupanda, sumaku huachia na swichi huruka. Tangu Toshiba ilipoanza kuuza sufuria za aina hii nchini Japani mwaka 1955, ingawa mitambo ya ndani imebadilika, wazo limebaki lilelile kwamba kukauka kwa maji ndiko kunakozima moto. Pwani, pengo kati ya kuchemka na kuzima ni la nyuzi 3 hivi. Kericho ni karibu nyuzi 10, na muda wote ambao pengo hilo linazibwa tabaka la chini hukaangika bila maji. Mchele wa dukani hulaumiwa bure.

Kwa kuwa maji ndiyo saa ya chombo hiki, kuyaongeza ni kuongeza muda wa kupika. Mahali ambapo kijitabu kinataka kikombe kimoja na nusu cha maji kwa kikombe cha mchele, robo kikombe ya ziada hufaa kuwa mwanzo mzuri, mradi vipimo vyote vifanywe kwa kikombe kilekile, kwani kikombe kinachokuja na sufuria kwa kawaida hubeba mililita 180 ilhali cha kupimia cha kawaida hubeba 250. Hata hivyo, maji mengi kupita kiasi huleta bokoboko, na ndiyo sababu kuloweka ni njia bora zaidi. Mchele mkavu huwa na unyevu wa karibu asilimia 14, na ukilowekwa vizuri hukaribia asilimia 30, kumaanisha kwamba kiini kimepata maji kabla moto haujawashwa. Maji ya bomba ya nyanda za juu ni baridi na hupenya polepole, kwa hiyo yafaa yawe vuguvugu, kwa nusu saa, kisha yachujwe kabisa kabla ya kupima ya kupikia.

Pishori ya Mwea hunufaika zaidi na utaratibu huu, kwa sababu harufu yake inayopendwa huchukuliwa na mvuke, na punje iliyolowekwa hukaa motoni muda mfupi zaidi. Kifuniko nacho kisifunguliwe ovyo: wapishi wa pwani hupalia makaa juu ya sufuria ili wali upate moto pande zote, lakini chombo cha umeme kina moto wa chini pekee, na tabaka la juu hutegemea mvuke uliofungiwa. Mvuke huohuo huendelea na kazi swichi ikisharuka, kwa hiyo dakika 15 za kutulia ni sehemu ya mapishi yenyewe.

Ikiwa baada ya hapo kiini bado ni kigumu, kubonyeza swichi papo hapo hakufai, kwa sababu sumaku ingali na joto na haitashika. Wali hunyunyiziwa maji ya moto vijiko vichache, hupinduliwa taratibu kwa mwiko, kitako cha sufuria hupanguswa ili punje wala tone la maji lisibaki juu ya kitufe, na swichi hubonyezwa tena sumaku ikisha kupoa.