Kaisari Aliyejiandikia Sifa: Tahakiki ya Matendo ya Augusto

Wanafunzi wetu wa Agano Jipya humfahamu Kaisari Augusto kwa mstari mmoja wa Injili ya Luka, ambamo hutoa amri na kutoweka. Ni wachache waliosoma habari aliyoiandika mwenyewe juu ya utawala wake. Maandishi hayo, yaitwayo kwa Kilatini Res Gestae Divi Augusti, yaani Matendo ya Augusto aliyefanywa mungu, yalisomwa katika Seneti baada ya kifo chake mwaka 14 B.K., na aliagiza yachorwe juu ya nguzo za shaba mbele ya kaburi lake mjini Rumi. Shaba hiyo imepotea. Tunayo maandishi yenyewe kwa sababu yalichongwa katika jimbo la Galatia: kwa Kilatini na Kigiriki katika hekalu la Ankara, na vipande vyake vimepatikana Apolonia na Antiokia ya Pisidia, mji ule ule ambamo Matendo ya Mitume 13 inamweleza Paulo akihubiri katika sinagogi. Hii peke yake ingetosha kutufanya tuyahakiki. Lakini iko sababu nyingine: mahubiri mengi ya Krismasi, na mengi zaidi juu ya Warumi 13, hutegemea picha ya Rumi ambayo mchoraji wake ni Augusto mwenyewe.

Kama kazi ya uandishi, maandishi haya yana nguvu. Yana sura fupi 35, na lugha yake ni kavu kama daftari la mtunza hazina. Alikuwa konsuli mara 13. Alitengeneza mahekalu 82 mjini katika mwaka 28 K.K. Raia waliohesabiwa mwaka huo walikuwa 4,063,000. Mwaka 14 B.K. walikuwa 4,937,000. Fedha alizogawa kwa watu wa mji hazikuwafikia kamwe watu pungufu ya 250,000. Asomaye hesabu hushughulika na hesabu, wala hapati nafasi ya kuuliza ni nani aliyeachwa nje yake. Tunaona kwamba hapo ndipo ustadi wa mwandishi ulipo.

Maana mambo mengi yameachwa nje. Anaanza kwa kusema kwamba, akiwa na umri wa miaka 19, alikusanya jeshi kwa shauri lake na kwa gharama yake, akaikomboa Jamhuri. Kwa sheria za Jamhuri hiyo, kijana asiye na cheo anayejiundia jeshi ni mwasi. Mwaka 43 K.K. yeye, Marcus Antonius na Lepidus walitangaza orodha za watu wa kuuawa na kunyang'anywa mali, na Cicero alikuwa mmoja wao. Orodha hizo hazitajwi. Antonius hatajwi kwa jina, wala Brutus, wala Cassius. Mwaka 9 B.K. legioni tatu ziliangamia pamoja na Varus katika misitu ya Gemania, lakini msomaji huambiwa tu kwamba Gemania imetulizwa hadi mdomo wa mto Elbe.

Kiini cha yote kimo katika sura ya 34. Hapo Augusto anadai kwamba katika miaka 28 na 27 K.K. aliirudisha serikali mikononi mwa Seneti na watu wa Rumi, na kwamba tangu hapo aliwazidi wote kwa heshima, bali kwa mamlaka hakuwazidi wenzake katika kila cheo. Ili kupima dai hili yafaa kukumbuka jinsi Jamhuri ilivyojilinda: makonsuli wawili, kila mmoja akiweza kumzuia mwenzake, wakikaa mwaka mmoja tu, na matribuni wenye haki ya kulizuia tendo la afisa yeyote kwa ajili ya watu wa kawaida. Augusto hakufuta hata kimoja cha vyeo hivyo. Tangu mwaka 23 K.K. alichukua nguvu ya tribuni bila kuwa tribuni, na majimbo yenye sehemu kubwa ya majeshi yakabaki chini yake. Kwa hiyo sentensi ile si uongo mtupu. Ni ukweli uliopangwa ili usionyeshe mahali amri zilipotoka, nasi twauhesabu kuwa mbaya kuliko uongo, kwa kuwa hauwezi kukanushwa kwa neno moja.

Tofauti kati ya lugha hizo mbili yastahili kuangaliwa. Kichwa cha Kilatini kinasema kwamba kwa matendo haya Augusto aliutiisha ulimwengu chini ya watu wa Rumi. Kichwa cha Kigiriki, kilichoandikwa kwa ajili ya waliotiishwa, kimeliacha jambo hilo. Chasema tu juu ya matendo na zawadi za Augusto, mungu. Neno la Kigiriki kwa matendo ni praxeis, lile lile ambalo Kanisa lilikiita nalo kitabu cha pili cha Luka.

Hata hivyo, sentensi iliyotusimamisha zaidi haina umaarufu. Katika sura ya 25, akieleza vita na Sextus Pompeius vilivyokwisha mwaka 36 K.K., ambavyo aviita vita vya maharamia, Augusto asema kwamba aliwakamata watumwa wapatao 30,000 waliotoroka na kushika silaha, akawarudisha kwa mabwana zao ili waadhibiwe. Waandishi wa baadaye waongeza kwamba wale ambao mabwana zao hawakupatikana waliuawa. Augusto hasemi hili kwa haya. Aliweka idadi hiyo miongoni mwa fadhili zake, karibu na mahekalu na fedha. Msomaji wa Waraka kwa Filemoni na aisome sura hiyo kwanza, ndipo ajiulize Onesimo alikuwa akirudi katika ulimwengu gani, na barua aliyokuja nayo iliomba jambo la ukubwa gani.

Origene na Eusebio wa Kaisaria walifundisha kwamba amani ya Augusto ilitengeneza njia ya Injili, na fundisho hilo lingali hai mimbarani mwetu. Hatulikatai lote. Watu wa jimbo la Asia, walioamua mwaka 9 K.K. kuanza mwaka wao siku ya kuzaliwa kwa Augusto na kuiita mwanzo wa habari njema, hawakuwa wote wasifu-uongo; walikuwa wamenyonywa na watoza kodi wa Jamhuri na kukanyagwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Wala Jamhuri haistahili kuliliwa kupita kiasi, kwa maana ilikuwa serikali ya matajiri wachache.

Lakini amani hiyo ilikuwa na madaftari mawili. Wale zaidi ya milioni nne walioandikwa na Augusto walikuwa raia. Hesabu ya Kirenio ya mwaka 6 B.K., baada ya Arkelao kuondolewa, iliwaandika Wayahudi kwa ajili ya kodi, na Yuda Mgalilaya akaasi kwa sababu yake (Mdo. 5:37). Suala la tarehe katika Luka 2 ni refu, nasi tunaliacha kwa wafafanuzi. Itoshe kuona Luka anamweka mtoto katika daftari lipi.

Hekalu la Ankara baadaye liligeuzwa kuwa kanisa. Maandishi ya Kilatini yamo katika kuta za ukumbi wa kuingilia, upande huu na upande huu, nao Wakristo walioingia kusali walipita katikati yake. Hawakuyafuta.