MissingNo. haifuti gemu, inachafua orodha ya mabingwa

Gemu za Game Boy hazijafa, zimehamia kwenye simu. Mai Mahiu, ambako taniboi anaweza kungoja saa nyingi kabla lori halijaondoka, gemu ndogo isiyokula bando ni mali. Pokémon Red na Blue, zilizoingia sokoni Marekani mwaka 1998, bado zina wachezaji wake, na onyo lake halijabadilika: ukikutana na MissingNo., kiumbe cha hitilafu, kwaheri gemu uliyosevu.

Onyo hilo halikuzuka vijiweni. Mwaka 1999 jarida la Nintendo Power, la kampuni yenyewe, liliandika kwamba hata kukutana tu na kiumbe hicho kunaweza kufuta faili au kuvuruga picha. Nani angebisha? Lakini programu ya gemu imeshachambuliwa mstari kwa mstari, na dai la kufuta faili halisimami.

Chanzo cha kiumbe hicho ni ubahili wa memori. Mzee wa mji wa Viridian anapokuonyesha jinsi ya kunasa kiumbe, jina lako hutolewa kwa muda ili lake likae hapo. Linahifadhiwa wapi? Juu ya orodha ya viumbe wa nyasini. Kwa kawaida orodha hiyo huandikwa upya ukifika eneo jingine lenye viumbe wake. Kisiwa cha Cinnabar hakina. Ukiruka moja kwa moja hadi pale na kuogelea ukingoni mashariki, gemu husoma jina lako kama orodha ya viumbe: herufi ya tatu, ya tano na ya saba huamua nani atokee, na ya pili, ya nne na ya sita huamua kiwango chake. Ndiyo maana hutokea MissingNo., na viumbe wa kiwango kinachopita 100, ilhali 100 ndio mwisho halali.

Utamu wenyewe uko mkobani. Gemu hutaka kuweka alama kwamba umemwona MissingNo., lakini namba yake ni 0. Ikitoa moja inapata 255, na alama inaangukia nje kabisa ya Pokédex, orodha ya viumbe ulioona, juu ya biti kubwa ya idadi ya kitu cha sita mkobani. Biti hiyo ni 128. Kitu hicho kikiwa Rare Candy moja, zinakuwa 129. Wizi mtamu, na hauharibu chochote.

Uharibifu uko kwenye picha. Katriji ina kilobaiti 32 za memori inayolindwa na betri, zilizogawanywa mafungu manne. Fungu la kwanza lina nafasi ya kukunjulia picha za viumbe, iliyopimwa kwa vigae 7 kwa 7, na baada yake imekaa Hall of Fame, orodha ya vikosi vyako vilivyotwaa ubingwa. MissingNo. haina picha halali. Gemu hukunjua data ovyo inayozidi kipimo, ikamwagika juu ya orodha hiyo. Safari yako iko fungu la pili, pamoja na jumla ya kuhakiki ambayo ikikosea ndipo gemu hutangaza faili imeharibika. Mmwagiko haufiki huko.

Tena si kila MissingNo. huchafua. Zile zinazotokea kwa sura ya mifupa ya kale au mzimu zina picha za kweli, kwa hiyo hata Hall of Fame hubaki salama. Viumbe wako wakionekana wamepinduka baada ya pambano, fungua ukurasa wa takwimu wa kiumbe wa kawaida na picha zitanyooka.

Kinachoua gemu zilizosevu ni betri ya katriji inayoisha baada ya miaka, au kuzima mashine katikati ya kusevu. Kwenye simu ni mkono wa mchezaji: anafuta programu pamoja na faili zake, au anarudisha hali ya zamani kisha anasevu juu yake. Basi kabla ya kuogelea Cinnabar, nakili faili yako ya .sav mahali pengine. Haitakulia nafasi kubwa kuliko picha moja ya kamera.