Herufi Moja Kati ya Macheo na Machweo

Kinyozi wangu hapa Umoja ana picha kubwa ya turubai ukutani. Mawe meusi, maji meupe kama moshi, na jua jekundu linagusa bahari. Chini imeandikwa: Machweo, Pwani ya Kenya. Nimeitazama kwa miaka, kichwa kimeinamishwa, mashine inanguruma sikioni, na sikuwahi kuiuliza swali hata moja.

Swali lenyewe ni rahisi. Jua linatuaje baharini kwenye pwani inayotazama mashariki?

Ukisimama Nyali, Watamu au Diani ukaelekea baharini, jua la jioni liko nyuma yako. Linazama huko kwenye minazi, upande wa bara. Najua mtu wa Kilifi atanipinga, kwa sababu pale kwenye mkono wa bahari utaona jua likishuka juu ya maji. Sawa. Lakini hata pale linamalizikia nyuma ya nchi kavu, si kwenye upeo wa Bahari ya Hindi. Kwa hivyo picha ya kinyozi ama ilipigwa alfajiri, ama ni bahari ya watu wengine. Kati ya macheo na machweo kuna herufi moja tu, na mtu aliyeandika pale chini aliiongeza bila kufikiria.

Simcheki. Mimi nilifanya vibaya zaidi.

Mwaka jana nilibeba kamera, stendi ya miguu mitatu na filta nyeusi ya kuazima, nikapanda basi la usiku hadi Mombasa, kisha matatu hadi kwenye pwani ya mawe karibu na Takaungu. Nilitaka picha ile ile ya kinyozi, lakini yangu. Jiografia ya shule ya msingi ilikuwa kichwani, ila picha niliyoizoea ilikuwa na nguvu kuliko jiografia. Saa 12 jioni nimesimama, lenzi inatazama maji, nangoja jua ambalo lilikuwa linanichoma kisogo. Kwa nini Waswahili wameipa saa hiyo na upande huo jina moja, magharibi, nililielewa pale, kwa aibu.

Nikaamua basi, nitapiga mawe na maji tu. Kwenye mwamba wa mbele alikuwa amesimama mzee anavua kwa mshipi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani, unaweza kusogea kidogo? Nataka kupiga picha."

Alinitazama, akatazama maji. "Nisogee niende wapi? Samaki wako hapa."

Hakusogea. Mimi nilikuwa na njia yangu. Filta nyeusi hupunguza mwanga, kamera inaacha mlango wazi kwa sekunde 30, na mawimbi yote ya sekunde hizo yanalaliana hadi yanakuwa ukungu. Jiwe linabaki kwa sababu limetulia. Mtu anayerusha mshipi, anavuta, anageuka, anabaki kama moshi. Usiku kwenye simu nikafuta hata huo moshi. Nikaipandisha Instagram na neno moja: Amani. Ilipata laiki nyingi kuliko kitu chochote nilichowahi kupandisha.

Sasa, kama mhakiki, lazima nijiulize kosa ni nini hasa. Kusema "picha imedanganya" hakutoshi, kwa sababu picha za bahari zilianza kudanganya zamani. Mfaransa Gustave Le Gray, miaka ya 1856 na 1857, alishindwa kupata anga na maji kwenye negativu moja. Kemikali za wakati ule zilishika rangi ya buluu haraka mno, kwa hivyo mwanga uliotosha bahari uliichoma anga ikabaki nyeupe. Baadhi ya picha zake akazitengeneza kwa negativu mbili, moja ya mawingu na moja ya maji, akaziunganisha kwenye upeo. Ni udanganyifu, lakini ulimrudishia mtazamaji anga ambayo kamera ilikuwa imeipoteza.

Na kukosa watu pia si dhambi. Hiroshi Sugimoto, Mjapani, tangu 1980 amepiga bahari baada ya bahari: nusu anga, nusu maji, hakuna mtu, hakuna hata jiwe. Picha zinafanana kweli kweli, lakini kila moja ina jina la bahari yake na mahali ilipopigwa. Anajua amesimama wapi, na anakuambia.

Picha yangu haikuwa na ujuzi huo. Nilienda Takaungu na fomula iliyotengenezewa pwani zinazotazama magharibi: jua mbele, jiwe liwe kivuli cheusi, maji yawe hariri, watu watoke. Kila kitu ambacho hakikuingia kwenye fomula nilikiona kama usumbufu. Hilo ndilo linanisumbua kwenye mamia ya picha za Pwani zinazopita kwenye simu zetu. Nyingi zimepigwa vizuri. Shida ni kwamba zingeweza kuwa popote.

Na huku kwetu jioni ina mengi yake. Jua likiwa nyuma yako, halilifanyi jiwe kuwa kivuli, linalimulika. Mawe yale ni matumbawe yaliyokufa zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, na mwanga wa chini unaonyesha kila tundu na kila ukingo mkali. Ni mwamba wa aina ile ile ambayo Fort Jesus, iliyoanza kujengwa 1593, imekalia. Kisha jua likishazama, tazama mashariki, juu ya bahari. Kuna mkanda wa buluu iliyofifia unapanda kutoka majini, na juu yake mkanda wa waridi. Ule wa buluu ni kivuli cha dunia yenyewe. Usichelewe, maana karibu na ikweta giza haliombi ruhusa: una dakika 20 hivi.

Siku ya mwezi mpevu ndiyo kabisa. Jua linapozama bara, mwezi unachomoza baharini, karibu saa moja na hiyo hiyo. Ni siku za bamvua pia, maji yanapojaa sana na kupwa sana, kwa hivyo mwamba uliokuwa umefunikwa alasiri unatoka ukiwa bado umelowa na unang'aa. Pwani ya machweo ya kalenda haiwezi kukupa mwezi huo jioni. Sisi tunao kila mwezi, na bado tunazungusha kamera kutafuta jua la wenyewe.

Kuna jambo sijamaliza. Jioni ile nilipokuwa nafunga stendi, mzee alikuja na samaki wawili kwenye kamba, akaniuliza, "Nimetoka vizuri?" Nikasema ndiyo. Akanipa namba yake ili nimtumie picha. Alikuwa ameona kamera ikimwelekea muda wote, bila shaka alidhani ni yeye ninayempiga. Kwa akili ya kawaida, nani angefunga safari hadi pale, apate mtu mzima anavua mbele yake, halafu asimpige?

Namba bado iko kwenye simu. Siwezi kumtumia Amani, kwa sababu hayumo. Faili ya kwanza ipo, ile yenye moshi, lakini nayo nitamwambia nini? Mzee, hapo ni wewe?

Ile picha nimeifuta Instagram. Nimeangalia kalenda ya mwezi. Safari hii sibebi filta. Kabla ya kukata tiketi nitampigia, nimuombe radhi, halafu nimuulize maji yatakuwaje siku hiyo na yeye atasimama mwamba gani.