Kioo cha Kupuliza: Maoni Juu ya Lugha ya Maonyesho

Kazi za kioo zinazoumbwa kwa pumzi ya mtu si ngeni tena katika nchi zetu. Karakana ya Shanga mjini Arusha, iliyoanza mwaka 2007, huyeyusha chupa zilizokwisha tumika na kuzigeuza bilauri, mitungi na mapambo, na mafundi wake wengi ni watu wenye ulemavu. Huko Kitengela, kusini ya Nairobi, jamaa ya Croze imeishughulikia sanaa hiyo kwa miongo kadhaa. Sehemu zote mbili mgeni huweza kusimama karibu na tanuri akatazama, kama ilivyo pia katika makumbusho ya kioo ya Corning, Marekani, yaliyofunguliwa mwaka 1951. Uzuri wa kazi hizo hatuna ubishi nao. Kinachotushughulisha ni Kiswahili kinachobandikwa kando yake.

Mara nyingi husomeka "glasi iliyopulizwa" au "kioo kilichopulizwa". Maneno hayo, pamoja na picha, tuliyapeleka kwa walimu wa Mbinga mjini na kwa wavuvi wa Mbamba Bay, ambayo sasa imo katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Upande huo tuliuchagua kwa makusudi. Makumbusho ya karibu ni yale ya Majimaji, Songea, ambayo hayahusiki na kioo. Mwalimu wa huko hufundisha sanaa ya namna hii kwa picha na maelezo tu. Istilahi ikimpotosha, hana kitu mezani cha kumrudisha njiani.

Neno "glasi" lilimfikisha kila mmoja kwenye chombo cha kunywea, hata picha ilipokuwa ya samaki. "Kioo" nacho kwanza ni cha kujitazamia, kisha cha dirisha, na kwa vijana ni uso wa simu. Mwalimu mmoja alipoambiwa habari za "msanii wa kioo" alijibu upesi kwamba wasanii wote ni kioo cha jamii. Pamoja na hayo, hatuoni sababu ya kuliacha "kioo". Ndilo jina la kitu chenyewe kabla hakijawa chombo, na utata wake huondoka mara linapofuatwa na kitenzi kinachofaa.

Na hapo ndipo wafasiri wengi wanapoteleza. "Kilichopulizwa" hueleza tukio moja lililopita, wala halitaji aina. Kioo kilichopulizwa huenda ni kile kilichoondolewa vumbi tu. Kiswahili kina njia yake ya zamani ya kutaja aina ya kitu kwa kazi ya mkono iliyokiumba. Watu wa pwani husema mkate wa kusukuma na mkate wa kumimina, na hapana anayeuliza nani alisukuma wala lini. Kwa kanuni hiyo twapendekeza "kioo cha kupuliza", na kando yake "kioo cha kumimina" kwa kile kinachotiwa katika kalibu, na "kioo cha kuvuta" kwa kile kinachonyoshwa kikawa mrija mwembamba na kukatwa vipande. Tofauti hii si ya anasa. Shanga nyingi za kale zilizofika pwani yetu kutoka India zilikuwa za kuvuta, na mwandishi asemaye zilipulizwa anapotosha historia.

Wako waliotukumbusha kwamba Mbinga ni nchi ya kahawa, na kwamba huko kupuliza ni kupuliza dawa. Pingamizi hilo halidhuru "kioo cha kupuliza", kwa kuwa nomino ya mwanzo hutosha kuamua maana. Lakini hudhuru sana jina la chombo cha kazi. "Bomba la kupulizia" limekwisha chukuliwa: ni lile linalobebwa mgongoni shambani. Chombo cha mpuliza kioo ni chuma kirefu chenye tundu, na ncha yake moja hutiwa kinywani. Yafaa kiitwe "mrija wa chuma", kwa sababu mrija humwambia msikilizaji papo hapo kwamba mdomo unahusika.

Kwa "fuwele" tutakuwa wafupi. Katika somo la kemia neno hilo hutaja kitu ambacho chembe zake zimejipanga kwa mpango maalumu. Kioo hakina mpango huo. Kuziita bilauri za thamani "fuwele" ni kumvurugia mwanafunzi darasa lake, hata kama wafanyabiashara wa Ulaya hufanya vivyo hivyo kwa lugha zao.

Jambo lililotupa faida kubwa zaidi lilitoka kwa wavuvi. Kazi ikiisha kuumbwa kwa joto linalokaribia nyuzi 1,100 za sentigredi, haiachwi ipoe kwa upepo. Hutiwa katika tanuri la pili, lenye nyuzi 500 hivi, ipoe polepole. Katika kibandiko kimoja hatua hiyo iliitwa "kuimarisha", neno lisiloeleza kitu. Wavuvi wa usipa waliowahi kutumia karabai, kabla taa za betri hazijaenea, walielewa bila kufunzwa: kioo cha taa kikiwa cha moto kikarukiwa na maji ya ziwa hupasuka. Basi na isemwe "kupoza polepole", na tanuri lake liwe "tanuri la kupozea".

Mtendaji aitwe "mpuliza kioo", kama mfua chuma, na jina lake litajwe. Hatukupendezwa na kibandiko kilichoandika "kazi ya walemavu" pasipo jina la fundi hata mmoja. Kwa upande mwingine, Dale Chihuly wa Marekani alipoteza uoni wa jicho la kushoto mwaka 1976 na kuumia bega mwaka 1979, akaacha kushika mrija. Tangu hapo hubuni na kuongoza, na wengine hupuliza. Kuandika "imepulizwa na Chihuly" chini ya kazi zake za baadaye ni kusema uongo. "Imebuniwa na" ndiyo sahihi.

Limebaki lile bonge laini la moto linalochotwa kwa ncha ya mrija na kuzungushwa lisidondoke. Wengine wanataka "donge". Sisi twaelekea kwenye "tonge", kwani nalo huchukuliwa kutoka chunguni na kuviringwa kabla halijapewa umbo. Wasomaji wa Mbinga na wa mwambao wa ziwa wenye neno bora zaidi, la Kimatengo au la Kinyasa, twaomba watuandikie kabla orodha haijapelekwa kusanifiwa.