Hesabu ya Kihenge

Katika riwaya nyingi za maangamizi, mji huporomoka ndani ya kurasa chache za mwanzo, na kurasa zote zinazobaki huhusu chakula, maji, viatu na moto. Wanaozisifu riwaya hizi na wanaozishutumu wote hulipita jambo hili. Hudhani kwamba msomaji anavutwa na moshi, ilhali mwandishi hodari wa fani hii huumaliza moshi upesi ili apate nafasi ya kuhesabu. Daniel Defoe, katika Robinson Crusoe ya mwaka 1719, alimwachia manusura wake mfuko wenye makapi ya chakula cha kuku. Crusoe aliukung'uta karibu na mwamba bila kujua kwamba ulikuwa na punje hai. Mvua ikanyesha, yakachipua mashuke kumi au kumi na mawili ya shayiri. Akayatunza yawe mbegu, akapanda, akavuna, akapanda tena, na hakuthubutu kuionja nafaka hiyo mpaka mwaka wa nne. Dhoruba zimesimuliwa na mabaharia wengi; kinachobaki kichwani baada ya kukifunga kitabu hiki ni subira ya mtu mwenye njaa mbele ya punje. Cormac McCarthy naye, katika The Road ya mwaka 2006, anawatembeza baba na mtoto wakisukuma kigari cha dukani katikati ya majivu, na kila kopo wanalolipata hulipa heshima ya kulieleza. Katika Parable of the Sower ya Octavia Butler, ya mwaka 1993, binti anatia mbegu kwenye mkoba wake kabla ukuta wa mtaa wao haujabomolewa. Naisifu fani hii kwa sababu hiyo: inakirudishia uzito kitu kidogo ambacho shibe imetufanya tusikione.

Dodoma, somo hilo liko juu ya meza za soko la Majengo. Mtama, uwele, ubuyu na mlenda uliokaushwa hupangwa pale kama bidhaa nyingine yoyote, lakini kila kimoja ni jibu la swali la zamani: mvua ikikata, tutakula nini? Uwanda huu hupata msimu mmoja wa mvua, takribani kutoka Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka wa kawaida mvua hiyo haifiki milimita 600. Uwele huvumilia ukame unaoyakausha mahindi yakiwa bado machanga. Mlenda huchumwa masika, ukaanikwa, ukahifadhiwa, na kiangazi kikali kinapofika huhitaji maji, chumvi na chungu tu. Aliyegundua kwamba majani ya wiki chache yanaweza kulisha nyumba kwa miezi hakuacha jina lake popote. Riwaya ya kunusurika ikiandikwa vizuri humtafuta mtu huyo na kumfanya mhusika mkuu. Tazama pia kilichotokea Kongwa, mashariki ya Dodoma, mwaka 1947, serikali ya Uingereza ilipoleta matrekta na mamilioni ya fedha ili kulima karanga. Ardhi ilikauka ikawa ngumu kama sakafu, mvua haikufuata ratiba ya ofisi, na kufikia mwaka 1951 mpango ukawa umeachwa. Ujuzi ulioushinda mpango ule ndio ujuzi ambao mwandishi wa maangamizi huupa kiti cha mbele.

Pingamizi la kwanza, na ni zito, ni kwamba hadithi hizi hufundisha unyama. Taa zikizimika, kila mhusika hushika bunduki na jirani hugeuka windo. Riwaya za namna hiyo zipo nyingi, na nyingi kati yake ni mbaya. Lakini ubaya wake ni wa hesabu pia: zimeandika matokeo, zikaruka chanzo. Ugogo, nchi ya Wagogo inayouzunguka mji wa Dodoma, una ushahidi wake. Kati ya mwaka 1917 na 1920 njaa iliua watu wanaokadiriwa kuwa 30,000 kati ya wakazi 150,000, yaani mmoja katika kila watano. Walionusurika waliipa jina la Mtunya, yaani kunyang'anyana. Jina hilo halifichi aibu. Linakiri kwamba watu walipokonyana. Hata hivyo, atakayelifuata jina hilo mpaka kwenye mzizi wake atakuta kwamba aliyeanza kunyang'anya hakuwa jirani mwenye njaa. Yalikuwa majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza, ya Wajerumani kisha ya Waingereza, yaliyochukua nafaka vihengeni, ng'ombe mazizini na vijana wa kubeba mizigo. Ukame ulipofika ulikuta vihenge vitupu na mashamba yasiyo na mikono, na homa kali ya mafua iliyozunguka dunia ikamalizia. Hivyo maangamizi hayakuja kuufunua unyama uliojificha ndani ya watu. Unyang'anyi ulitangulia, njaa ikafuata. Mwandishi anayelijua hilo hawezi tena kuanza kitabu chake siku ya mlipuko. Ataanzia miaka ya nyuma, kwenye kihenge kilichofunguliwa kwa amri, na msomaji wake atatoka na hasira yenye anwani badala ya hofu ya jirani.

Wengine husema kwamba kusoma habari za njaa kwa starehe ni anasa ya walioshiba. Pingamizi hili lina heshima ndani yake, na silikwepi. Lakini waliolitunga jina la Mtunya hawakuwa wameshiba. Kuchagua neno moja litakalobeba miaka mitatu ya mauti, na kulichagua kwa ukweli hata linapomshtaki msemaji mwenyewe, ni kazi ya sanaa, na ilifanywa na manusura. Mathias Mnyampala, mshairi aliyeipa nguvu ngonjera na kuandika historia ya Wagogo iliyochapishwa mwaka 1954, alizaliwa Ugogo mwaka 1917, mwaka uleule njaa hiyo ilipoanza. Lugha ya uwanda huu imelelewa mahali ambapo kusimulia balaa na kupona balaa havikutengana. Kwa wenye kusema kwamba mwisho wa dunia ni wa Mungu na si wa watunzi, jibu langu ni fupi: Kiyama hufunga hesabu, na riwaya hizi huanza asubuhi ambayo bado kuna watoto wa kulishwa.

Afrika Mashariki imeshaigusa fani hii. Filamu fupi ya Wanuri Kahiu, Pumzi, ya mwaka 2009, inaonyesha jamii iliyojifungia baada ya vita vya maji, ambako hata jasho hukusanywa linywewe tena, na mwanamke anatoka kwenda jangwani kuupanda mche mmoja. Kwa Kiswahili, Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe aliyefariki mwaka 2020, alithubutu kuivunja dunia katika Nagona ya mwaka 1990 na Mzingile ya mwaka 1991. Hakuna aliyefungua mlango huo kwa ujasiri kama wake. Uzito wa riwaya zake, hata hivyo, uko kwenye ukweli, kuwako na mwanzo mpya kuliko kwenye chungu kilicho jikoni. Nafasi ya jikoni bado iko wazi, na naamini atakayeijaza atatoka kwenye nyanda kavu kama hizi. Atahitaji kujua maji huchimbwa wapi kwenye mchanga wa korongo lililokauka, kisado cha mlenda mkavu hulisha watu wangapi kwa siku ngapi, na ubuyu huanguka mwezi gani. Atahitaji kujua nani alikifungua kihenge, kwa amri ya nani. Na katikati ya kitabu, mtoto atauona mfuko wa uwele uliotundikwa pembeni kusubiri masika, atauliza kwa nini hauliwi, na mwandishi itabidi amjibu.