Marashi ya Buguruni: Jamani, Njooni Mnuse!

Naanza na hukumu, maana siwezi kuikalia: kichupa namba tatu ni balaa. Kama mwezi huu una hela ya kichupa kimoja tu, chukua hicho, mengine utayasoma ukishatulia. Vingine vinne nitavieleza kimoja kimoja, na kimojawapo bado kabisa, lakini namba tatu ipo mpaka sasa hivi kwenye kola ya shati, na shati lenyewe ni la jana!

Mtengenezaji ni dada mmoja wa Buguruni, upande wa Malapa, anayechanganya marashi yake chumba cha uani. Hana duka, hana bango. Ameniomba nisiandike jina lake mpaka lebo zake zikamilike, nami nimeheshimu. Kwa sasa wateja wanampata kwa kuelekezana tu, na wanaelekezana kweli kweli.

Watu wa Dar perfume za kupima tunazijua. Unaingia dukani Kariakoo, ukuta mzima chupa za mafuta, unataja jina kubwa la Paris au la Dubai, muuzaji anavuta mili zako kwa bomba la sindano, anaongeza spiriti, anatikisa, umeshaondoka. Sina neno baya juu ya biashara hiyo. Harusi ngapi za mji huu zimenukia kwa bomba la sindano! Ila pale harufu ameiamua mtu wa mbali, sisi tunapimiwa tu. Dada huyu bomba analo, na mizani ndogo ya sonara anayo, lakini kwenye chupa zake hakuna jina la kuigwa. Kuna karafuu, mlangilangi, asumini, udi, ubani na mkadi. Vitu vyote hivyo bibi zetu walikuwa navyo kabatini. Mpangilio ndio mpya, na mpangilio ni wake.

Vionjo vyenyewe vinakuja vitano, mili mbili kila kichupa, kimebandikwa kipande cha plasta nyeupe na namba ya kalamu. Basi. Hakuna boksi la dhahabu wala utepe. Twende.

Namba moja ni karafuu, na ukifungua tu inakuvaa! Hii si karafuu ya pilau. Dada anatumia mafuta ya makonyo kutoka Pemba, yale yanayotokana na vile vijiti vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Kiwanda cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar kule Wawi, Chake Chake, ndicho kinachoyakamua kwa mvuke. Mafuta ya makonyo ni makali na yana umtiumti kuliko ya karafuu yenyewe, na mchanganyaji mwenye haraka angeyafunika kwa sukari ya vanila. Yeye kayaacha yaseme, halafu kayatuliza kwa ganda la chungwa na ubani kidogo. Mwanzo unashtuka, unajiuliza kama umepaka dawa ya jino. Subiri. Ukali unashuka, chungwa linapita, kinabaki kitu kikavu, cha moto, cha kiume kidogo, ingawa dada zangu wawili walioninusa wamekitaka wao. Tahadhari moja: kinachopiga pua pale ni eujenoli, ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, na inaweza kuwasha ngozi laini. Paka kwenye nguo, au jaribu kidogo kwenye mkono kwanza.

Namba mbili ni mlangilangi, tamu, nzito, yenye ndizi mbivu kwa mbali. Ua hili tunalipuuza kwa sababu limeota uani kwa watu, kumbe wenzetu wa Komoro wameliuza dunia nzima! Ernest Beaux alipotengeneza Chanel No. 5 mwaka 1921, mlangilangi ulikuwemo. Maua huchumwa asubuhi na mapema, huchemshwa kwa mvuke saa nyingi, na mafuta yanayotoka mwanzo ndiyo ghali kuliko yote. Cha dada huyu kinakwenda na maziwa ya nazi, maana ameyalaza maua kwenye mafuta ya nazi mazito badala ya kuyachemsha. Ni harufu ya bi harusi. Kwenye kikao cha asubuhi itakuzidi, lakini usiku wa sherehe, umevaa vizuri, acha kabisa.

Sasa namba tatu. Jamani!

Asumini na udi. Ukilitamka hivyo linasikika jambo la kawaida, kila nyumba ya pwani imewahi kuviweka pamoja. Kazi iko kwenye kuviingiza chupani. Asumini haivumilii mvuke, ukiichemsha umeiua. Kwa hiyo dada huchukua vitumba vya maua jioni, kabla havijafunguka, anavitandaza ndani ya sinia lenye mafuta ya ufuta yasiyo na harufu, anafunika. Usiku maua yanafunguka humo humo na kuyanukisha mafuta. Asubuhi anayatoa moja moja kwa kibano, bila kuyakamua, maana maji ya ua yakiingia mafuta yanachacha. Jioni anaweka mapya. Anarudia mpaka mafuta yashibe. Nilimkuta katikati ya kazi hiyo, sinia liko juu ya ndoo, feni imezimwa ili vumbi la barabarani lisiingie, na chumba kizima kinanukia utadhani mtu anaolewa.

Udi anaweka matone tu, na ana sababu. Mti wake ni wa Asia, na mti mzima usio na jeraha hauna cha kukupa. Mpaka uumie, uingiwe na kuvu, ndipo unapojihami kwa utomvu mzito mweusi, na huo ndio udi. Miti ya namna hiyo ni michache, na biashara yake ya kimataifa imewekewa masharti. Kwa hiyo ukiona udi wa bei rahisi unaomwagwa kama maji, jua unachonunua.

Basi nikapaka kwenye kifundo cha mkono na kwenye kola, nikapanda daladala Buguruni Sheli saa ya watu kutoka kazini. Mnaijua saa hiyo. Moshi, jasho, gunia la vitunguu miguuni, samaki wa mtu kwenye mfuko. Kama marashi yanaweza kufa, yatafia hapo. Asumini ikatangulia, mbichi, ya kijani. Joto lilivyozidi ikalainika, ikashikana na ngozi. Halafu chini yake udi ukaanza kupanda polepole, ule wa nguo iliyofukizwa kwenye chetezo ikakunjwa. Mama aliyekaa dirishani akageuka: “Samahani mwanangu, umepaka nini?” Nikamwambia. Akaniuliza tena: “Buguruni hii hii?” Buguruni hii hii, mama!

Namba nne ni ubani, na ndiyo ya ofisini. Kavu, safi, ina undimu kidogo mwanzoni na moshi mwembamba mwishoni. Haipigi kelele. Mwaka 1983 Oman walianzisha Amouage, nyumba ya marashi yenye fahari ya ubani wa Dhofar, na leo inauzwa hadi Ulaya kwa bei ya kukufanya urudishe chupa rafuni taratibu. Hiki kichupa cha Malapa hakijafika huko, nisidanganye. Ila njia ni ile ile: shika kilicho chako, kisafishe, usikionee haya.

Namba tano, mkadi, hapana. Naupenda mkadi kwenye kikuba na nikiukuta kitandani, na ndiyo maana nilikingoja kichupa hiki kwa hamu. Kinanukia ukifungua, kinakaa kidogo, kinakuachia mafuta ya nazi matupu. Nikamwambia, “Dada, hiki bado.” Akacheka: “Najua kaka. Mkadi mkaidi.” Anakirudia, na mimi nakisubiri.

Malalamiko mengine mawili. Vifuniko vinavuja ukivilaza, kwa hiyo visafirishe vimesimama. Na vichupa ni vya kioo cheupe, wakati mwanga huharibu mafuta. Dada, tafuta vya kahawia.

Kuhusu matumizi: marashi ya mafuta si ya spiriti. Spiriti kwenye joto letu inaruka haraka, inapeleka harufu mbali, halafu kwaheri. Mafuta yanabaki karibu na mwili na kuachia kidogo kidogo. Tone moja kila upande linatosha. Ukipaka kama losheni, abiria wenzako watakulaani. Na usinuse vyote vitano kwa mkupuo, pua inachoka. Jaribu kimoja, zunguka nacho juani, kisha amua.

Hukumu yangu, basi: namba tatu nunua leo. Namba moja nunua kama unapenda ukali. Namba mbili weka kwa ajili ya harusi, namba nne kwa ajili ya kazi, namba tano subiri. Na nyie wenye maduka ya kupima Kariakoo, hamhitaji kubomoa ukuta wa Paris na Dubai. Tengeni rafu moja tu kwa wachanganyaji wa hapa hapa, muone wateja watasimama wapi.