Nguvu Ipitayo Katika Utando

Mnamo mwaka 1993 Goulian, Bruinsma na Pincus, wakiitegemea nadharia ya mpindiko aliyoiasisi Wolfgang Helfrich miaka 20 kabla yao, walibainisha kwa hesabu ya kwamba protini mbili zilizopachikwa katika utando wa seli zaweza kusukumana pasipo kugusana, kwa sababu kila moja yaupinda utando, na kuupinda utando kwataka nishati. Hesabu ilikuwa ya kuridhisha. Ila nguvu yenyewe ilikuwa bado haijapimwa moja kwa moja.

Protini ni ndogo mno, darubini ya kawaida haizibainishi. Basi kundi la Daniela Kraft na wenziwe wa Leiden, Uholanzi, katika kazi waliyoitoa mwaka 2016, waliweka mahali pake vitufe vya polistaireni vyenye upana wa karibu maikromita 1, wakavipaka avidini, na katika lipidi za vifuko vya utando walivyovitumia wakatia biotini, kwani viwili hivyo vikikutana havibanduki kwa wepesi. Avidini ikiwa haba, kitufe hukaa juu ya utando bila kuupinda. Ikizidi, na utando ukiwa umelegea, kitufe huviringwa chote na utando.

Hapo ndipo ilipo tadbiri yao, nami naistahi kuliko matokeo yenyewe. Maana vitufe viwili vikikaribiana, mshindani aweza kudai ya kuwa ni gundi, au ni umeme. Lakini vitufe vya aina ile ile, katika utando wa aina ile ile, vilipokuwa vyote havijaviringwa, au kimoja tu kimeviringwa, havikuvutana, na vilipoviringwa vyote viwili vikavutana, hata kwa masafa ya mara 2.5 ya upana wa kitufe. Kisingizio gani kimesalia?

Wako wapendao kulifananisha jambo hili na watu wawili waliolala kitanda cha kamba kilicholegea, wakaporomokeana katikati. Mfano huo wapotosha: kitandani afanyaye kazi ni uzito, na huku uzito hauna sehemu ya maana.

Wala Leiden, ijapokuwa iliona mvuto mahali pa msukumo, haikuibatilisha hesabu ya 1993, ambayo yahusu mpindiko mdogo, hali kitufe kilichoviringwa huupinda utando kupita kiasi hicho. Kwa hiyo atakaye kuyahamisha matokeo haya kwenye protini za seli, na atuambie kwanza protini yake yaupinda utando kwa kadiri gani.